Maduka ya zamani ya Main Street, Jinja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekulia Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani mjini Jinja, Uganda, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya bombani, ya uwanja wa mpira na ya ugomvi. Siku hizi wageni kutoka Kisumu, Nairobi na Mwanza huniomba niwatembeze mjini. Wakishaona Chanzo cha Nile hupanda Main Street, wanainua macho juu ya mabango, na hapo maswali yanaanza. Huwa ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika.

Haya mnayoyaita "maduka ya Wahindi" ni majengo gani hasa?

Ni yale yaliyobanana ubavu kwa ubavu, mengi bila ghorofa, machache na ghorofa moja, yenye baraza mbele na ukuta ulioinuka kuficha mabati. Sehemu kubwa yalijengwa kati ya miaka ya 1910 na 1950. Ukishayajua ya Jinja utayatambua na ya Mbale, Iganga, Soroti, Masaka na Arua. Ni ndugu wa tumbo moja.

Hilo jina "Wahindi" limechukua watu wengi kwenye kapu moja. Walikuwamo Waismailia, Wahindu wa Gujarat, Masingasinga, Wagoa Wakatoliki, na kila kundi lilikuwa na sala yake na jiko lake. Mteja wa kutoka kijijini hakuwa na haja ya kuwatenganisha, naye muuza duka hakuwa na haja ya kujieleza.

Kwa nini walikuja Jinja, mji mdogo hivi?

Kwa sababu ya pamba na maji. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo mizigo ilivuka kwa meli. Pamba ikaanza kulimwa kwa ajili ya soko katika miaka michache iliyofuata, na Busoga, eneo letu la Jinja, ikawa miongoni mwa maeneo yake makuu. Mwaka 1912 ikafunguliwa reli fupi ya Jinja hadi Namasagali, ili pamba ya upande wa Ziwa Kyoga ishuke mpaka bandarini kwetu. Mahali ambapo mzigo unashushwa garimoshi na kupakiwa melini, pana wapagazi, wapagazi wanalipwa, na mwenye mshahara anatafuta chumvi na shati.

Mtu wa kwanza kutajwa katika habari hizi ni Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, India, aliyekuja Zanzibar akiwa kijana. Maduka yake yalifuata njia ya misafara, baadaye yakafuata reli, mpaka yakaenea Uganda. Alifariki mwaka 1916. Wengi walioanza kama mawakala wake walikuja kufungua maduka yao wenyewe.

Reli ya moja kwa moja ilifika Jinja mwaka 1928, na daraja la kuvuka Nile likaifikisha Kampala mwaka 1931. Wageni hudhani reli ndiyo iliyojenga mtaa huu. Ukweli ni kwamba baadhi ya maduka yalishakuwapo yakiisubiri.

Duka lenyewe lilikuwaje ndani?

Hapa huwa naomba watu wasimame, kwa sababu bila kuelewa umbo la jengo hutaelewa lolote lililofuata.

Kiwanja ni chembamba lakini kirefu, mfano wa kiberiti kilicholazwa. Mbele kabisa kuna baraza. Nyuma ya baraza kuna chumba kimoja kikubwa chenye milango ya mbao inayokunjwa, ambayo asubuhi ikifunguliwa yote, ukuta mzima wa mbele unatoweka na duka linakuwa sehemu ya barabara. Ndani kuna meza ndefu ya kuuzia na rafu mpaka darini. Nyuma ya chumba hicho kuna stoo, kisha vyumba vya familia, kisha ua wenye jiko, choo na pengine tangi la maji ya mvua. Mwisho kabisa, mlango wa uchochoroni.

Basi mtu alilala, alipika, alizaa na kuuza ndani ya kuta zile zile. Mtoto aliyeamka usiku kunywa maji alipita kati ya magunia ya sukari. Saa za kazi hazikuwa na maana: ukigonga mlango wa nyuma saa tatu usiku ukitaka mafuta ya taa, unapewa.

Bidhaa? Vitambaa vya merikani na kaniki, majembe, chumvi, sabuni ya mche, sindano, shanga, taa za chemli, kiberiti, biskuti. Maduka mengine yalinunua pamba, ngozi na ufuta kutoka kwa mkulima yule yule aliyekuwa akinunua jembe. Mizani ilikuwa moja kwa kununua na kuuza, na malalamiko kuhusu mizani hiyo ni ya zamani kama duka lenyewe.

Mbona juu ya jengo kumeandikwa jina na mwaka?

Ule ukuta wa juu ni paji la uso wa nyumba. Mwenye duka aliandika jina lake, la baba yake au la mungu wake, pamoja na mwaka, kwa saruji iliyochongwa, kwa sababu alitarajia wajukuu watalisoma. Ndiyo maana mwaka 1972, Wahindi walipofukuzwa, watu waliweza kuchukua funguo ila hawakuweza kuchukua maandishi. Bango la rangi linabadilishwa kwa siku moja. Saruji inataka nyundo na ngazi, na mpangaji hana hela ya ngazi.

Baraza ni ya nani?

Swali zuri kuliko yote, na halina jibu la karatasi. Kwa hati ni sehemu ya kiwanja au ya barabara, inategemea uliyemuuliza. Kwa desturi, ni ya fundi cherehani.

Tangu enzi za merikani mpango ulikuwa hivi: mteja anaingia dukani, anapimiwa kitambaa, anatoka nacho hatua tatu, anamkuta fundi na Singer yake ya kukanyaga kwa mguu. Fundi anapima, anashona, mteja anarudi jioni. Mwenye duka aliuza kitambaa zaidi kwa kuwa na fundi mlangoni, na fundi alipata kivuli. Mara nyingi fundi alikuwa Mwafrika na mwenye duka Mhindi, na baraza ndipo walipozungumza, kwa Kiswahili cha biashara ambacho hakikuwa sanifu kwa yeyote kati yao.

Hata gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Buganda na Busoga, lina jina la fundi Mgoa, Gomes, aliyekuwa na duka Kampala mwanzoni mwa karne ya 20. Wasichana wa shule ya Gayaza ndio wanaotajwa kuwa wa kwanza kulivaa. Mikono iliyonyanyuka mabegani na mkanda mpana kiunoni vilitoka mezani kwa mshonaji.

Nimeona duka moja likibadilika kutoka vitambaa kuwa redio, kutoka redio kuwa simu, na fundi wa barazani hakuhama. Kila mpangaji mpya alimkuta pale na kumrithi pamoja na nyufa za ukuta. Ukitaka historia ya jengo lolote mtaani, usianze na mwenye nyumba. Anza na mzee aliyeko kwenye cherehani, umpelekee suruali ya kupunguza.

Ni kweli kwamba sehemu za duka zina majina ya Kiswahili hata kwa Kiganda?

Ni kweli, nasi wa Kiswahili tunaruhusiwa kujivuna kidogo. Mganda anasema *edduuka*, *olubalaza*, *eddirisa*, *ekkufulu*. Soma tena taratibu: duka, baraza, dirisha, kufuli. Ndani ya duka kuna *ssabbuuni* na *sukaali*. Maneno yalipanda na misafara kutoka pwani pamoja na bidhaa.

Tusijivune kupita kiasi, maana duka lenyewe si letu. Kiarabu kina *dukkan*, Waajemi na Wahindi wanalo hilo hilo, na dirisha asili yake ni Kiajemi. Neno limesafiri kama bidhaa, kila bandari ikikata ushuru wake.

Na Waafrika? Walikuwa wateja tu?

Wengi walitaka zaidi ya hapo. Pamba ilikuwa ya mkulima Mwafrika, lakini kiwanda cha kuichambua na duka la mjini havikuwa vyake, na leseni, mikopo na bei vilipangwa na serikali ya kikoloni. Malalamiko ya bei ya pamba yalikuwa mojawapo ya mambo yaliyochochea ghasia za Buganda mwaka 1949. Mwaka 1959 Uganda National Movement, chama kilichoongozwa na Augustine Kamya, kiliitisha mgomo wa kususia maduka ya wasio Waafrika. Mgomo ulikuwa hasa wa Buganda, na huko vijijini maduka mengi yalifunga, wenyewe wakahamia mijini.

Upande wa pili nao una lake. Sheria za kikoloni ziliwaelekeza Wahindi kufanya biashara katika miji na vituo vilivyotangazwa, na kupata shamba haikuwa rahisi kwao. Ndiyo maana fedha yote waliyopata waliimwaga kwenye matofali ya Main Street. Ukiwabana watu wote kwenye mtaa mmoja usishangae wakiupamba.

Mwaka 1972 kulitokea nini kwenye majengo haya?

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza, akiwa katika kambi ya jeshi Tororo, kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza waondoke. Walipewa siku 90. Amri ikapanuliwa na kubadilishwa mara kadhaa, na hata wengi waliokuwa na uraia wa Uganda walinyang'anywa kwenye foleni ya uhakiki wa karatasi. Uingereza peke yake ilipokea zaidi ya watu 27,000. Wengine walikwenda Kanada, India na kwingineko.

Kwa mtaa kama wetu maana yake ni kwamba kati ya Agosti na Novemba karibu kila mlango ulibadili mwenyewe au ulifungwa. Familia ziliacha meza, rafu, picha ukutani na madaftari ya madeni. Hayo madaftari ndiyo huwa nayafikiria: majina ya wateja wa Bugembe na Kamuli waliodaiwa sukari, na hakuna tena wa kudai.

"Mafuta mingi" ni nani?

Ni jina walilopewa na wananchi wale waliogawiwa maduka na viwanda. Mwalimu wa Kiswahili angesahihisha kuwa "mafuta mengi", lakini Uganda nzima ilisema *mafuta mingi*, na hivyo ndivyo linavyobaki. Mtu aliyenona ghafla.

Baadhi walikuwa askari, baadhi wakubwa wa serikali, baadhi watu wa kawaida waliobahatika. Kisa kinachosimuliwa kila mji ni cha muuzaji mpya aliyeulizwa bei ya shati, akasoma namba ya shingo kwenye kola, "kumi na tano na nusu", akaliuza kwa shilingi hizo. Simulia ukipenda. Mimi naona kinachekesha zaidi ya kinavyoeleza. Tatizo la duka halikuwa kola. Aliyekuwa akileta bidhaa kutoka Mombasa hakuwapo tena, fedha za kigeni zilikauka, na stoo ikiisha haikujazwa.

Ndipo umbo la jengo likageuka. Rafu tupu hazina faida, kwa hiyo mbele pakawa mahali pa foleni ya sukari na sabuni zilizogawiwa kwa kibali, na nyuma, kwenye ule mlango wa uchochoroni, magendo yakapita. Nayo *magendo* ni neno letu jingine lililopata uraia wa Uganda. Vyumba vya familia vilikodishwa kimoja kimoja, kila kimoja watu wake na sigiri yake. Ua uliojengewa kaya moja ukalisha kaya tano. Vita vya 1979 vikaleta uporaji, na milango ya kukunja iliyovunjwa ikabadilishwa kwa bati au kuzibwa kwa matofali. Ukiona leo duka lenye dirisha dogo ambapo palitakiwa kuwa wazi, umeona hofu ya miaka hiyo.

Wenyewe walirudi?

Baadhi. Mali zilizoachwa ziliwekwa chini ya Bodi ya Usimamizi wa Mali za Waasia Walioondoka, ambayo iliyakodisha majengo au kuyaacha. Mwaka 1982 serikali ya Obote ilipitisha sheria ya kurejesha mali, lakini urejeshaji mwingi ulifanyika chini ya serikali ya Museveni katika miaka ya mwanzo ya 1990, na siku ya mwisho ya kuwasilisha madai ikawekwa 30 Oktoba 1993.

Waliorudi hawakurudi wote kuuza chumvi. Wengine walirejeshewa jengo, wakapiga rangi, wakapangisha, wakapanda ndege. Wengine waliuza. Wengine walishalipwa fidia, na jengo lililolipiwa fidia halikupaswa kudaiwa tena, ingawa hapo ndipo kesi nyingi zilipoota mizizi. Kuna milango mjini ambayo watu watatu wana karatasi zake na mpangaji hajui amlipe nani. Kwa kawaida humlipa anayekuja na makelele zaidi.

Leo majengo haya yanafanya kazi gani?

Kila kazi isipokuwa ile ya kwanza, na wakati mwingine hata hiyo. Biashara ilipofunguliwa, maduka ya kubadilisha fedha yakaruhusiwa mwaka 1990. Chumba kimoja chenye kaunta na mlango mnene kilikuwa tayari. Zikaja mitumba, kumbi za video zenye mfasiri anayepiga kelele za Kiganda juu ya filamu ya Kichina, vibanda vya simu, vyumba vya intaneti. MTN ilipoanzisha mobail mani mwaka 2009, kipande cha baraza kikawa benki.

Tangu 1996, safari za kupanda boti kwenye mawimbi ya Nile zilipoanza, watalii wakawa wengi, na nyumba kadhaa zikawa migahawa ya kahawa na maduka ya vinyago. Ule ua wa nyuma uliokuwa jiko la familia sasa una miavuli na bei za kushtua. Chapati iliyotoka kwenye jiko kama hilo imekwenda barabarani, ikaviringishiwa mayai na kuitwa rolex, na muuzaji wake amesimama wapi? Pembeni mwa baraza, bila shaka.

Saluni, maabara za kupima malaria, makanisa ya kilokole kwenye ghala la pamba, ofisi za mawakili, supamaketi zinazorudi mikononi mwa Wahindi waliofika juzi na hawana ukoo na walioandikwa juu ya paa. Watu hunisikitikia: "Aa, yameharibiwa." Sikubaliani. Chumba kipana chenye mlango kwa barabara na nafasi ya kulala nyuma kinakubali kazi yoyote, na jengo lenye mtu ndani huzibwa bati linapovuja. Yaliyoanguka mtaani ni yale yaliyofungwa kufuli kungoja kesi.

Nataka kukodi au kununua moja. Nitazame nini?

Kwanza hati, pili paa, mwisho rangi.

Ardhi ya mjini mara nyingi ni ya kupangishwa kwa miaka 49 au 99, kwa hiyo uliza miaka mingapi imebaki. Asiye raia wa Uganda haruhusiwi zaidi ya upangaji huo, usiozidi miaka 99. Kagua hati kwenye ofisi ya ardhi wewe mwenyewe au kupitia wakili wako, wala si wakili wa muuzaji. Kama mali ilihusika na 1972, dai cheti cha kurejeshewa na uulize Bodi kama kuna fidia iliyolipwa. Nakala ya fotokopi iliyokunjwa mfukoni haitoshi, hata kama aliyenayo ni mzee mwenye heshima zake.

Ukuta unatoa unyevu. Nipige plasta ya saruji?

Usifanye hivyo kabla ya kujua ukuta umejengwa kwa nini. Saruji ya kiwanda cha Tororo ilianza kupatikana katika miaka ya 1950. Kabla ya hapo ilitoka ng'ambo na ilikuwa ghali, kwa hiyo kuta nyingi za zamani ni tofali la kuchoma kwa udongo au chokaa. Ukuta wa namna hiyo hupumua: unanyonya maji ya mvua na kuyatoa. Ukiufunika kwa saruji, maji yanabaki ndani, tofali linaoza, na baada ya masika kadhaa plasta inadondoka na uso wa tofali. Tumia plasta ya chokaa, safisha mifereji, shusha kiwango cha maji yanayopita barazani. Kazi ya bei nafuu kuliko zote ni kuzibua bomba la paa, na ndiyo isiyofanywa na mtu.

Sheria inayalinda?

Uganda imekuwa na sheria ya mambo ya kale tangu 1967, lakini jengo la mtu binafsi lisilotangazwa rasmi halina kinga kubwa. Mwenye kibali cha ujenzi anaweza kulibomoa na kusimamisha akedi, jengo la maduka mengi, ya vioo. Shirika la Cross-Cultural Foundation of Uganda limefanya kazi ya kuyaorodhesha majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja. Tangu Jinja ifanywe jiji mwaka 2020 viwanja vimepanda thamani, na hilo ndilo tishio, kuliko mvua.

Naruhusiwa kupiga picha?

Barabarani ndiyo, ila si benki, wala askari. Kwa duka lolote, salimia kwanza: "Habari za kazi, mzee?" inatosha, na Kiswahili hapa hakimshtui mtu tena. Omba ruhusa kwa fundi wa barazani hata kama jengo si lake. Atakuambia usimame ng'ambo ya barabara, karibu na boda boda, mida ya saa kumi jioni jua likigonga ule mwaka ulioandikwa juu.